Boga la Pili

Boga lile lilikuwa na kilo kumi na nne. Nililipima mwenyewe kwenye mizani ya viazi ya Bibi Odarka, asubuhi ya Pokrova, sikukuu ya vuli ya kupeleka posa, nikalifuta vumbi, nikalisukuma chini ya benchi karibu na mlango, mahali ambapo mgeni halioni lakini mkono wangu unalifikia. Kisha nikakaa kumsubiri mwanamume niliyempenda kuliko wote duniani, ili nimwaibishe mbele ya kijiji kizima.

Kwetu Poltava, Ukraine, msichana hahangaiki kusema hapana. Akikubali posa, anawafunga washenga vitambaa vya tarizi kifuani. Akikataa, anawabebesha boga, na kijiji kinawasindikiza kwa vicheko mpaka kwao. Mimi vitambaa nilikuwa navyo. Bibi alivitarizi majira yote ya baridi nilipokuwa na miaka kumi na tisa, uzi mwekundu na mweusi, macho yakimtoka machozi kwa moshi wa jiko. Vilikuwa bado vimekunjwa sandukuni, havijafungwa kifuani kwa mtu.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema bila kunitazama, "bado hujachelewa kuwapikia chai tu na kuwaaga vizuri."

"Bibi, hilo boga umelipanda mwenyewe."

"Nilipanda kwa sababu uliniagiza. Sikulala siku niliyolipanda."

"Mimi sikulala miaka saba."

Aliendelea kupanga maandazi ya kabichi kwenye sahani. Aliyapanga yale yale mara mbili. Nilidhani ni uzee.

Miaka saba kabla, siku kama hiyo hiyo, nilikuwa nimesimama kando ya lile jiko kubwa la udongo, nikikwangua ukingo wake kwa ukucha kama inavyompasa mchumba mwenye haya. Ostap alikuwa ameniahidi. Ostap, mchomeleaji wa vyuma wa kiwanda cha sukari, aliyenitengenezea magoli kwa mabomba ya zamani kwenye malisho ya ng'ombe ili nisipige tena mpira kwenye ukuta wa duka. Alikuwa na mikono yenye alama za cheche na macho ya kijivu, na akinitazama nilikuwa nasahau mguu upi ni wa kushoto. Kupitia dirishani niliwaona wakija: yeye, mjomba wake Panas na jirani mmoja, na mkate umefunikwa kwa kitambaa. Walifika kwenye geti letu. Wakasimama. Wakanong'ona. Kisha wakageuka, wakavuka barabara, wakaingia kwa Lesia, binti wa fundi cherehani.

Jioni ile ile mama yake Ostap, Zinaida, alisema dukani huku akinunua chumvi: "Mwanangu anataka mke, hataki beki."

Hata namba ninayocheza uwanjani hakuijua. Mimi ni kiungo.

Uchumba wa Lesia ulivunjika kabla ya Krismasi, lakini mimi sikuwepo kusherehekea. Nilikwishaondoka wiki ile ile ya Pokrova kwenda kuchezea klabu ya Poland, na begi moja, nikabadilisha namba ya simu, nikakaa benchi msimu mzima kwenye mji ambao mvua haikatiki. Hasira ilinilea. Nilipochoka mazoezini nilimkumbuka Zinaida na chumvi yake, na miguu ikapata nguvu. Nilipoumia goti nikalala miezi minane, nilijifunza kutembea tena nikihesabu hatua za kutoka geti letu mpaka mlango wetu. Hatua kumi na mbili. Hakuweza kutembea hatua kumi na mbili kwa ajili yangu! Sasa nilikuwa Uturuki, kwenye klabu ya Izmir, jezi namba nane, na wasichana wadogo waliandika jina langu mikononi kwa kalamu.

Mwezi wa tatu wa mwaka huo Ostap alipata namba yangu, akanitumia ujumbe wa kunipongeza kwa bao. Nilimjibu. Nilimjibu vizuri mno. Wiki ya pili tukaongea, ya tatu tukaongea mpaka masikio yakawa ya moto, na kila alipotaka kugusa ya zamani nilimkatisha: "Hayo tutayaongea ukija." Alipouliza kwa sauti ya chini kama anaweza kutuma washenga siku ya Pokrova, nilisema tuma. Nikakata simu, nikampigia Bibi, nikamwambia apande mbegu ya boga kubwa kuliko zote alizonazo.

Kiungo mzuri hutazama nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia. Ndivyo anavyojua adui yuko wapi na pasi inakwenda wapi. Nilijiona nimetazama kila upande. Geti niliacha wazi makusudi. Mwenye duka nilimwambia saa kamili, maana ukimwambia yule umewaambia wote, hivyo watu walipotoka kanisani walijikuta wote wana shughuli ya ghafla mbele ya uzio wetu. Zinaida alikuwa mstari wa mbele, kajifunga kilemba kipya cha maua, akimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba mkwe wake huonekana kwenye televisheni.

"Hodi! Hodi hapa!" Sauti ya mjomba Panas iligonga mlango kabla ya ngumi yake.

Waliingia wale wale watatu wa zamani. Panas amezeeka, tumbo limemtangulia. Ostap alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi na mwanamume, mikunjo mikononi. Nywele za pembeni zimeanza mvi, na ana miaka ishirini na tisa tu. Sikujiandaa kwa mvi zile.

Panas alivuta pumzi, akaanza maneno yake kama desturi inavyotaka. "Sisi ni wawindaji, mama. Tumetoka mbali. Kijana wetu huyu ameona nyayo za mbweha mwekundu, tumezifuata kwenye tope na vichaka, na zimeingia hapa kwako. Tupe mbweha wetu twende zetu."

Bibi alipaswa kujibu kwa utani. Alijibu akiangalia sakafu. "Hapa... hapa hakuna mbweha. Labda mmepotea njia."

"Si ajabu," nilisema. "Mara ya kwanza walipotea kweli. Nyayo zilifika kwenye geti hili zikaishia kwa Lesia."

Panas alikohoa, akajifanya anatafuta leso.

Ostap hakutakiwa kusema chochote. Mchumba hukaa kimya, washenga ndio husema. Lakini alinitazama mguuni, akauliza taratibu, kana kwamba tuko wawili tu chumbani: "Goti linakuuma bado baridi ikija?"

Jamani. Mtu umejiandaa kwa vita halafu adui anakuuliza habari za goti!

"Umejuaje goti?"

"Niliiona ile mechi kwenye kompyuta ya ofisini. Picha ilikuwa inakatika katika. Ulipoanguka ikaganda. Nilikaa dakika ishirini sijui kama umeinuka."

 Nilimtazama na yeye akanitazama, na nilihisi ile ahadi niliyojiwekea miaka saba inaanza kuyeyuka miguuni. Basi nikafanya haraka, kabla haijaisha yote. Niliinama chini ya benchi, nikalivuta boga, nikalikumbatia, nikafungua mlango kwa bega, nikatoka nje kibarazani.

"Njoo uchukue jibu lako hapa," nilisema. "Hapa penye mwanga."

Watu kwenye uzio waliliona kabla yake. Kicheko kilianza kwa wanawake, kikapita mpaka kwa wazee. Panas alinyoosha mikono alipokee yeye, maana boga hupewa mshenga, lakini nilimpita. Nilimwekea Ostap mwenyewe mikononi.

"Pokea, bwana arusi. Safari hii ulifika mpaka mlangoni. Hongera."

"Mshenzi wewe!" Zinaida alipiga kelele, kilemba kimeenda upande. "Miguu ya dereva wa trekta na roho ya jiwe! Mwanangu analia kwa ajili yako na wewe..."

"Mama, nyamaza," Ostap alisema.

Uzio wote ukageuka kumtazama. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsikia akimwambia mama yake neno hilo.

Aliliinua boga kidogo, akaliweka sawa kifuani. Hakuwa na hasira. Ningeweza kupambana na hasira. "Hili la pili, Yarina," alisema. "Afadhali la leo umenipa kwa mkono wako."

"La pili lipi?"

"La kwanza uliliweka juu ya nguzo ya geti."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. "Nguzo gani? Unaota?"

"Haoti," Panas aliruka. "Tuliliona sisi watatu! Limekaa juu ya nguzo, linatutazama. Binti anakataa kabla hata hujapiga hodi! Tokea nizaliwe sijaona dharau kama ile. Mimi ndiye niliyesema, jamani, watu wanatuangalia, tuingie kwa yeyote tujifanye huko ndiko tulikokuwa tunakwenda. Tukaapa hatutamwambia mtu. Hata Zinaida huyu ndiyo kwanza anasikia leo."



 Nikafanya nilichokuwa nimesahau kufanya tangu asubuhi: nilitazama nyuma ya bega. Bibi Odarka alikuwa amesimama mlangoni, aproni ameishika mdomoni kwa mikono miwili.

Panas alitoa gunia alilolificha ndani ya koti. Mshenga mzoefu hatembei bila gunia. "Litie humu, tupitie nyuma ya bustani."

"Hapana," Ostap alisema. Akalipandisha boga begani, akatoka kwenye geti, akachukua barabara kuu, katikati, mahali pa kuonekana na watu wote.

Nilimsukuma Bibi ndani, nikafunga mlango.

"Nililiweka mimi, kwenye nguzo usiyoiona dirishani, na nikaliondoa mimi," alisema kabla sijauliza.

"Kwa nini?"

"Zinaida alisema kisimani. Alisema wiki ya harusi mpira utachomwa, na wewe utakamua ng'ombe wake kumi na moja. Na mimi mfukoni nilikuwa na barua ya klabu ya Poland, imekuja asubuhi ile. Nilikuwa na nusu saa tu ya kufikiri, Yarina."

"Na ukafikiria boga."

"Nilikuona ukikwangua jiko na ule uso wako wa mapenzi. Ungekubali kila kitu. Ungekubali hata ng'ombe!"

"Hukuniuliza!"

"Ningekuuliza ungesema ndiyo."

"Basi ingekuwa ndiyo yangu!" Nilipiga meza, sahani ya maandazi ikaruka. "Miaka saba, Bibi! Nimekupigia simu kila Jumapili nikilia, na wewe unaniambia msahau, hakufai. Ulikuwa unajua!"

"Nilikuwa nakuona kwenye televisheni," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nagusa kioo. Nikasema, si vibaya. Si vibaya hivyo nilivyofanya."

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu kweli. Lakini alikuwa mdogo mbele ya jiko lake, na kila kitu nilichokuwa nacho, jezi, jina, goti lenye vyuma, kilitoka kwenye lile boga lake. Hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi. Nilimlipa kwa njia niliyoiona inamfaa.

"Kesho utakwenda kwa Zinaida. Utasimama kwenye geti lake, utamwambia ukweli wote kwa mdomo wako."

"Kwa Zinaida? Bora nife!"

"Utakufa baadaye. Kwanza nenda."

Nilivaa viatu vya mazoezi nikatoka mbio. Mwenye boga begani hafiki mbali, nami mapafu yangu ni ya dakika tisini. Nilimkuta malishoni. Alikuwa ameliweka boga chini, katikati ya magoli aliyonichomelea, amekaa kando yake kwenye nyasi, shati limelowa. Magoli yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe. Rangi mpya.

"Nani kayapaka?"

"Mimi. Kila mwaka nayapaka. Kutu ikianza kwenye maungio inakula mpaka ndani."

Nilisimama. Sikutaka kukaa. "Lile la kwanza halikuwa langu. Bibi aliliweka. Sikujua mpaka leo."

Alifumba macho. Nilitamani kumshika kichwa, nikaificha mikono mifukoni.

"Kwa hiyo ulikuwa ndani," alisema.

"Nilikuwa ndani, nakwangua jiko kama mjinga. Kwa nini hukupiga hodi?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani?"

"Ya mjomba. Ya barabara. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na viatu vya kuazima, Yarina. Nikaliamini boga."

"Ukaliamini boga kuliko mdomo wangu. Juzi yake tu nilikuambia nakupenda, hapa hapa, kwenye nguzo hii."

"Ndiyo."

"Na mama yako akasema dukani, ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Laiti angejitetea! Mtu akijitetea unapata pa kumpigia. "Hatua kumi na mbili, Ostap. Kutoka getini mpaka mlangoni. Nimezihesabu nikiwa na magongo."

"Nazijua. Nimezitembea leo."

"Umechelewa miaka saba."

"Ndiyo maana silitii kwenye gunia."

Upepo ulipita kwenye mabomba ya goli, yakatoa ule mlio wao wa zamani. Alinitazama kutoka chini, na nilijua kabisa kwamba nikikaa kwenye nyasi zile nitamsamehe kabla jua halijasogea. Lakini wamenikosea wote, kila mmoja kwa upendo wake, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi. Sikuwa tayari kusamehe bure.

"Jumapili tunacheza nyumbani, Izmir," nilisema. "Saa nane mchana. Njoo."

Aliinuka nusu. "Nije?"

"Bila mjomba. Bila mkate. Uje na boga."

"Boga gani?"

"Hili hili. Nakijua kikonyo chake, nimekikata mwenyewe. Utakaa nalo mapajani jukwaani dakika tisini, watu wote wakuone. Usiliweke chini."

"Hata wakati wa mapumziko?"

"Hata mapumziko. Na muda wa nyongeza."

"Na uwanja wa ndege wakiniuliza?"

"Waambie umekataliwa."

Tabasamu lilimjia upande mmoja wa mdomo, lile lile la zamani, nami nikageuza uso haraka.

"Likipasuka njiani?" aliuliza.

"Basi usije."

Niliondoka bila kumgusa. Usiniulize nilipataje nguvu.

Bibi alikwenda kwa Zinaida kesho yake, akanung'unika njia nzima. Walifokeana saa nzima mpaka mbwa wakabweka, kisha, nasikia, wakala supu ya borshchi kwenye sufuria moja wakaanza kunisema mimi. Jumatano nilipanda ndege. Kabla ya kutoka nilifungua sanduku, nikachukua kitambaa kimoja cha tarizi, nikakitia chini kabisa ya begi la mazoezi. Bibi aliona. Alijifanya anatafuta miwani.

Jumapili mwamuzi alipiga filimbi na sikutazama jukwaani. Niliapa sitatazama. Nilikaba, nikagawa pasi, nikapigwa teke la ugoko nikainuka. Dakika ya tisa beki wetu alinipenyezea mpira, nami nikafanya kama nilivyofundishwa tangu utotoni, nikatazama nyuma ya bega kabla haujanifikia.

Kwenye safu ya tatu, katikati ya kina mama wa Kituruki waliokuwa wakitafuna mbegu za alizeti, alikaa mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vibaya. Mapajani alikuwa na kitu kikubwa cha rangi ya chungwa, amekikumbatia kwa mikono miwili. Bibi mmoja pembeni yake alikuwa akikigonga kwa kidole kama anayenunua sokoni. Kikonyo kilikuwa changu. Hakikuwa na mkwaruzo.

Mpira ukanifikia. Niliutuliza, nikampa winga wa kushoto, uwanja ukalipuka kwa kelele, na kifuani mwangu kitu kilichokuwa kimekazwa miaka saba kikalegea kidogo. Kidogo tu. Kitambaa kilikuwa kwenye begi, chumba cha kubadilishia nguo, mlango wa pili kulia.

Sikumpungia mkono. Zilikuwa zimebaki dakika themanini na moja, na nilitaka azihisi zote.